Carl Langenbuch na Mfuko wa Nyongo

Ndugu zetu, wengi wetu tukiambiwa kuwa mfuko wa nyongo una mawe na lazima utolewe, huingiwa na hofu. Tumtazame aliyeianza kazi hiyo.

Carl Langenbuch alizaliwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1846. Alipofika umri wa miaka 27 alikabidhiwa uongozi wa Hospitali ya Lazarus, Berlin. Zama hizo wapasuaji waliufungua mfuko, wakatoa mawe, wakauacha; nayo mawe yakarudi. Yeye alizingatia kwamba mawe huumbika humo humo mfukoni, na kwamba farasi na tembo huishi bila ya mfuko huo. Hakukurupukia wagonjwa: alijizoeza kwanza kwa maiti. Tarehe 15 Julai 1882 alimpasua mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka kwa miaka 16, naye akapona.

Wenzake wengi walimpinga, lakini njia yake ikaenea. Alifariki mwaka 1901.

Ini huendelea kutengeneza nyongo hata mfuko ukitolewa. Basi anayeshauriwa na daktari wake aulize, aelewe, asichelewe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, amin.