John Flynn: Mhubiri aliyewapelekea wakazi wa nyika daktari kwa ndege

MNAMO Mei 17, 1928, ndege ndogo ya mbao na kitambaa ilipaa kutoka Cloncurry, mji ulio katika jimbo la Queensland, Australia. Rubani Arthur Affleck hakuwa na redio ya kumwongoza. Alikuwa na dira tu, pamoja na macho ya kufuata mikondo ya mito, nyua za mashamba na nyaya za simu. Aliyembeba ni Dkt Kenyon St Vincent Welch, aliyekuwa akienda kuwatibu wagonjwa mjini Julia Creek.

Safari hiyo ilikuwa tunda la subira ya mtu ambaye hakuwa rubani wala tabibu. John Flynn, mwana wa mwalimu, alizaliwa Novemba 25, 1880, katika kijiji cha Moliagul, jimbo la Victoria. Alitawazwa kuwa mhubiri wa Presbiteri mwaka wa 1911, na mwaka uliofuata kanisa likamkabidhi uongozi wa misheni ya nyika za bara.

Huko, maradhi madogo yalikuwa hukumu ya kifo. Mwaka wa 1917, mchungaji wa ng'ombe, Jimmy Darcy, alianguka kutoka kwa farasi. Mkuu wa posta wa Halls Creek alimpasua kwa kisu akifuata maagizo ya daktari wa Perth yaliyotumwa kwa telegrafu. Daktari mwenyewe alifunga safari ya siku nyingi kwa meli, gari na farasi. Alipofika, Darcy alikuwa ameaga dunia.

Mwaka huo huo, askari kijana Clifford Peel alimwandikia Flynn akieleza jinsi ndege zingeweza kubeba madaktari. Peel alifariki vitani Ufaransa mwaka wa 1918, lakini Flynn hakuitupa barua yake. Kwa miaka kumi alibisha hodi kila mlango, hadi wasia wa tajiri Hugh Victor McKay ukampa pauni 2,000, nayo kampuni ya Qantas ikakubali kukodisha ndege.

Katika mwaka wa kwanza, huduma hiyo ilifanya safari 50 na kutibu wagonjwa 225. Mnamo 1929, fundi Alfred Traeger akaongeza redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa mfano wa baiskeli, nazo familia za mbali zikaweza kumwita daktari. Afrika Mashariki ilipata madaktari wake wa angani mwaka wa 1957, Amref ilipoasisiwa.

Hata hivyo, Flynn alilaumiwa kwa kuwajali walowezi wazungu kuliko wenyeji asilia. Alipofariki Mei 5, 1951, majivu yake yalizikwa karibu na Alice Springs, na jiwe kubwa likawekwa juu ya kaburi. Jiwe hilo lilikuwa limetwaliwa Karlu Karlu, mahali patakatifu pa wenyeji, bila idhini yao. Lilirudishwa mwaka wa 1999, na jamii ya Arrernte ikatoa jiwe jingine kwa hiari yake. Ndilo linalomfunika mhubiri huyo hadi leo.