Abebe Bikila: Aliyekimbia na Aliyeketi

Hapa Bujumbura wengi tumesikia habari za Vénuste Niyongabo, Mrundi aliyeleta medali ya dhahabu kutoka Atlanta mwaka 1996. Leo tunamkumbuka Mwafrika aliyetangulia kuifungua njia hiyo, Abebe Bikila wa Ethiopia.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato. Akiwa bado mtoto, Waitalia waliivamia nchi yake, na jamaa yake ikalazimika kuhama. Hivyo alionja mapema yale tuliyoyaonja sisi. Baadaye aliingia katika kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie, na mwalimu Onni Niskanen, mtu wa Sweden, akamfundisha mbio ndefu.

Mwaka 1960 alikwenda Roma, mji mkuu wa wale walioivamia nchi yake. Hakuja na silaha, hata viatu hakuvaa. Alikimbia kilomita 42 peku, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1964 alishinda tena huko Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo.

Mwezi wa Machi 1969 gari lake lilipinduka. Miguu ile iliyojulikana duniani kote haikutembea tena.

Wapendwa, tunapowatembelea nyumbani, neno tunalolisikia sana ni "nilikuwa". Nilikuwa mwalimu. Nilikuwa na shamba. Nilikuwa na nguvu. Abebe naye angeweza kubaki hapo. Lakini alitibiwa Uingereza, mikono yake ikapata nguvu tena, na mwaka 1970 akashindana kurusha mishale akiwa katika kiti cha magurudumu. Alisadiki kwamba ushindi wake na ajali yake vyote vilikuwa mikononi mwa Mungu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41.

Hatusemi kwamba hakulia. Tunasema alitumia kile kilichobaki. Tena hakufika pale peke yake, kwa maana wengine walimwinua. Basi Jumapili hii, kabla ya ibada, kila mmoja apite kwa jirani asiyeweza kutembea, amlete kanisani. Na akifika, tusimpe nafasi ya kukaa tu, tumpe na kazi ya kufanya. Amina.