Agnes, Binti Aliyefunikwa na Mwanakondoo

Katika Kitui na Makueni si ajabu msichana kubatizwa Agnes ilhali nyanya zake wanamwita Mutheu. La kwanza huchukuliwa kuwa jina geni, la pili kuwa la nyumbani. Kwa hakika yote mawili yana maana moja, na aliyeiachia dunia lile la kwanza alikuwa mtoto.

Agnes aliishi Roma. Mapokeo ya Kanisa yanamweka katika mateso yaliyoanzishwa na Kaisari Diokletiano mwaka 303, nayo husema aliuawa akiwa na miaka 12 au 13. Kosa lake lilikuwa kukataa kuozwa. Wachumba walikuja, vitisho vikafuata, naye akashikilia kwamba amekwisha jiweka wakfu kwa Kristo. Kuhusu namna alivyouawa, waandishi wa kale hawapatani: Ambrosi wa Milano, aliyeandika mwaka 377, anataja upanga, ilhali Papa Damaso anataja moto. Wanachokubaliana ni udogo wake. Ambrosi anastaajabu kwamba hazikupatikana hata pingu za kumtosha. Alizikwa kando ya barabara ya Nomentana, na katika karne hiyo hiyo ya 4 Konstantina, bintiye Kaisari Konstantino, akajenga kanisa mahali hapo.

Jina lenyewe ni la Kiyunani, hagnē, yaani safi, takatifu. Lakini Roma ilisema Kilatini, na katika Kilatini agnus ni mwanakondoo. Masikio yakafanya kazi yake. Agostino wa Hippo aliwafafanulia waumini wake wa Afrika ya Kaskazini maana zote mbili. Wachoraji hawakuwa na subira hiyo. Mozaiki ya Ravenna ya karne ya 6 tayari inamwonyesha akiwa na mwanakondoo, na huko Roma wanakondoo hubarikiwa kila tarehe 21 Januari. Binti aliyethubutu kukataa akageuzwa ishara ya upole.

Mutheu halikupatwa na ajali hiyo. Linatokana na kitenzi kuthea, kuwa safi. Ndilo neno ambalo Wakamba humwitia Roho Mtakatifu, Veva Mutheu, na ndugu yake wa Kikuyu, theru, angali na ile r ambayo Kikamba kimeidondosha. Basi Agnes wa Kitui, au wa Jimbo Katoliki la Wote lililoundwa mwaka 2023, huwa amepewa jina lile lile mara mbili, na la Kikamba ndilo lililo karibu zaidi na Kiyunani kuliko yule mwanakondoo wa Kilatini.