Leo Tolstoy na Amri Tano za Mlimani

Wapenzi wa fasihi aghalabu humjua Leo Tolstoy kwa riwaya zake mbili kuu, Vita na Amani na Anna Karenina. Makala haya yanamtazama katika miaka yake thelathini ya mwisho, alipojaribu jambo gumu kuliko kutunga riwaya: kuyatii maneno ya Injili kama yalivyoandikwa.

Alizaliwa mwaka wa 1828 katika ukoo wa makabaila huko Yasnaya Polyana, kusini mwa Moscow. Mwaka wa 1862 alimwoa Sofia Behrs, aliyemzalia watoto 13 na kuinakili miswada yake kwa mkono. Alipokaribia umri wa miaka hamsini alikuwa na sifa, mali na jamaa. Hata hivyo, hofu ya kifo ilimsonga hadi akawaza kujiua.

Akaigeukia Injili, tena kwa Kiyunani, lugha aliyojifunza ukubwani. Hapa mwanaisimu atafurahi. Katika sura ya tano ya Mathayo, Biblia ya Kirusi ilikataza hasira isiyo na sababu. Tolstoy aligundua kwamba kijineno hicho cha sababu hakimo katika baadhi ya nakala kongwe. Kwake, neno moja lililopenyezwa lilikuwa limewafungulia waumini wote mlango wa kukasirika. Maana ni nani aliyepata kukasirika akajiona hana sababu? Basi akatwaa amri tano bila kuzipunguza makali: usikasirike, usitamani wala usimwache mkeo, usiape, usimpinge mwovu kwa nguvu, mpende adui.

Mwaka wa 1883 alikataa kuketi katika baraza la kuamua kesi mahakamani, akatozwa faini. Aliacha nyama, pombe na tumbaku, akalima pamoja na wakulima, akajifunza kushona viatu. Mwaka wa 1891 aliachilia hakimiliki ya maandishi yake ya tangu 1881. Alipokubali malipo ya riwaya ya Ufufuo (1899), ilikuwa ni kuwasaidia Wadukhobori, Wakristo waliokataa kushika silaha, wahamie Kanada. Kanisa la Kiorthodoksi likamtenga mwaka wa 1901. Amri ya nne ndiyo iliyosafiri mbali zaidi: Gandhi, akiwa Afrika Kusini, aliandikiana naye barua, na mwaka wa 1910 shamba la wafuasi wake karibu na Johannesburg likaitwa kwa jina la Tolstoy.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mali yote iligawiwa mkewe na watoto kufikia 1892, naye akaendelea kulala chini ya paa lile lile. Mwenye kuikana fedha alilishwa na mwenye kuihesabu. Wanaomsifu Tolstoy humchora Sofia kama mwanamke msumbufu. Sioni kwamba wanamtendea haki. Yeye hakuweka nadhiri yoyote, na watoto walihitaji karo na nguo. Shajara za wote wawili zashuhudia kuwa amri ya kwanza ilivunjwa nyumbani humo mara nyingi mno.

Alfajiri ya Oktoba 28, 1910, kwa kalenda ya Urusi ya wakati huo, mzee huyo wa miaka 82 aliondoka kisirisiri pamoja na daktari wake. Alimwacha mke aliyeishi naye miaka 48, yeye aliyefundisha kwamba mke haachwi. Sofia alipopata habari alijitupa bwawani, akaopolewa. Tolstoy alishikwa na homa ya mapafu safarini, akalazwa nyumbani kwa mkuu wa stesheni ya Astapovo. Sofia aliwasili kwa treni, akazuiwa kumwona hadi mumewe alipopoteza fahamu. Alifariki Novemba 7, akazikwa katika msitu wa Yasnaya Polyana, bila kasisi wala msalaba.