Paavo Nurmi, Mkimbiaji Aliyeshika Saa Mkononi

Ndugu wasomaji, wengi wenu mlikuwapo uwanjani muhula uliopita, siku ya mashindano ya kuchagua timu, nanyi mnakumbuka jinsi nilivyobebwa mabegani baada ya kushinda mbio za mita 5,000. Ni wachache wanaojua yaliyofuata jioni ile. Wakimbiaji tulikuwa wengi, tukagawanywa makundi mawili, na timu ilikuwa ya watu wanne watakaopata muda bora katika makundi yote mawili. Kanuni hiyo ilisomwa asubuhi mbele yetu sote. Mimi nilikuwa nafunga viatu, sikusikiliza. Basi nilikimbia polepole mizunguko kumi na mmoja, nikavizia, kisha nikafyatuka mwishoni na kuwapita wenzangu. Kundi la pili lilikwenda kwa kasi tangu mwanzo. Wote wanne waliochaguliwa walitoka katika kundi hilo.

Hasara yangu mimi ningeweza kuimeza. Lakini yuko kijana mmoja wa Kidato cha Pili, wa bweni letu, mwenye pumzi kunishinda. Mimi ndiye niliyemwambia akae nyuma yangu, asivute mwendo, maana haraka haraka haina baraka. Alinitii kama mdogo anavyomtii kaka yake. Naye pia akabaki.

Mwalimu wetu wa michezo hakunigombeza. Alinipa kazi ya kusoma habari za Paavo Nurmi, kisha niziandike katika gazeti letu. Nami naziandika hapa kwa kadiri ya uwezo wangu.

Paavo Nurmi alizaliwa tarehe 13 Juni 1897 katika mji wa Turku, nchi ya Ufini, kaskazini mwa Ulaya. Baba yake alikuwa seremala. Mwaka 1910 baba huyo alifariki, akamwacha mama na watoto katika umaskini. Jiko la nyumba yao wakalipangisha kwa watu wengine ili wapate fedha, wao wenyewe wakaishi katika chumba kimoja. Paavo alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini ilimbidi aache shule akiwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, akawa mtumishi wa duka la mikate. Kazi yake ilikuwa kusukuma mkokoteni mzito kupanda vilima vya mji. Baadaye alipokuwa mtu mashuhuri alisema kuwa mikokoteni ile ndiyo iliyompa nguvu za miguu na mgongo. Nadhani sisi tunaonung'unika kwa kuchota maji ya bweni tungefaa kulifikiri jambo hilo.

Mwaka 1912 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Stockholm, Uswidi. Huko Mfini mmoja, Hannes Kolehmainen, alishinda nishani tatu za dhahabu katika mbio ndefu. Habari hizo zilimwasha moyo kijana Paavo, naye akanunua viatu vyake vya kwanza vya kukimbilia. Mwaka 1914 alijiunga na chama cha michezo cha mji wake, na mwaka 1919 akaingia jeshini, ambako alizidi kujulikana kwa mwendo wake.

Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1920 katika mji wa Antwerp, Ubelgiji. Katika mbio za mita 5,000 Nurmi alishika uongozi, na Mfaransa Joseph Guillemot akamfuata kama kivuli. Karibu na mwisho kivuli kile kikampita. Nurmi akapata nishani ya fedha. Siku tatu baadaye walikutana tena katika mita 10,000. Safari hii Nurmi hakukubali kuvuta wengine. Aliwaacha waongoze, na katika kona ya mwisho akampita Guillemot na kushinda. Alipata pia dhahabu mbili katika mbio za nyika, moja yake mwenyewe na moja ya timu. Baada ya ushindi huo nyumba ya mama yake ikawekewa umeme na maji ya bomba.

Mtu mwingine angesema kuwa amekwisha kupata dawa, yaani kukaa nyuma na kuchomoka mwishoni. Hata mimi ningesema hivyo. Nurmi hakuridhika. Alitaka kujua mwili wake unaweza nini hasa, wala si kumshinda huyu au yule tu. Kuanzia mwaka 1921 alianza kukimbia na saa mkononi. Aliamini kuwa mkimbiaji hupoteza nguvu anapokwenda mbio mara hii na polepole mara ile, kwa hiyo aligawa mbio zake sawasawa, mzunguko kwa mzunguko, akiitazama saa kuliko kuwatazama wenzake. Mwaka huohuo wa 1921 alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000. Mwaka 1922 alivunja rekodi ya mita 5,000, na mwaka 1923 ile ya maili moja, kwa dakika 4 na sekunde 10.4. Katika maisha yake aliweka rekodi rasmi za dunia 22, tangu mita 1,500 mpaka kilometa 20.

Sasa nafika mahali paliponifanya nifunge kitabu na kukaa kimya kitambo.

Mwaka 1924 Olimpiki ilikuwa Paris, Ufaransa. Fainali za mita 1,500 na mita 5,000 zilipangwa siku moja, kukiwa na muda usiofika saa mbili kati yake. Nurmi alizitaka zote. Mwezi Juni, huko Helsinki, alijipima kwanza. Alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 52.6, akapumzika saa moja hivi, kisha akakimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 28.2. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia. Kwa hiyo alipokwenda Paris hakwenda kubahatisha. Saa ilikuwa imekwisha kumwambia kwamba jambo lile linawezekana.

Tarehe 10 Julai alishinda mita 1,500 bila taabu kubwa, wala hakutumia nguvu zake zote mwishoni. Akaenda kupumzika, akarudi kwa mita 5,000. Hapo walimngoja Mfini mwenzake Ville Ritola, aliyekwisha shinda mita 10,000 katika michezo hiyohiyo, na Edvin Wide wa Uswidi. Hao walijua kuwa Nurmi amechoka, na walijua pia kuwa hukimbia kwa saa. Wakaamua kumvuruga. Walianza kwa kasi kubwa ili asipate nafasi ya kushika mwendo wake. Mwanzoni Nurmi hakushtuka, alifuata hesabu yake, na Wide alipoishiwa nguvu Wafini wale wawili wakampita. Lakini Ritola hakuachwa. Ndipo Nurmi alipoitazama saa yake mara ya mwisho, akaitupa majanini, kando ya njia.

Tangu hapo alikimbia na mtu. Katika mnyoosho wa mwisho Ritola alikuja kwa upande wa nje, na Nurmi akazidisha kadiri ya haja tu, akamweka nyuma yake kama mita moja mpaka kwenye utepe. Muda wake ulikuwa dakika 14 na sekunde 31.2, na wa Ritola sekunde 31.4. Alitoka Paris na nishani tano za dhahabu. Mita 10,000 viongozi wa timu yake hawakumwandikisha, na jambo hilo lilimuudhi sana. Mwishoni mwa Agosti, akiwa kwao Ufini, aliikimbia kwa dakika 30 na sekunde 6.2, na rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1937. Penye watu alikimbia na watu. Aliponyimwa watu, akaenda kukimbia na saa.

Lakini msidhani kuwa hakushindwa kamwe. Mwaka 1926, mjini Berlin, alikimbia mita 1,500 na Wide pamoja na Mjerumani Otto Peltzer. Nurmi aliongoza kwa mwendo wake wa saa, lakini wale wawili walikuwa na miguu miepesi zaidi mwishoni. Peltzer alishinda na kuvunja rekodi ya dunia, Wide akawa wa pili, na Nurmi wa tatu. Hapo saa haikumsaidia. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 alimshinda Ritola katika mita 10,000 kwa sehemu ya sekunde tu, kisha Ritola akamshinda katika mita 5,000. Kwa jumla Nurmi alipata nishani za Olimpiki 12, tisa za dhahabu na tatu za fedha.

Mwaka 1932 alikusudia kumaliza kwa mbio za marathoni huko Los Angeles, Marekani. Alikwisha fika, lakini wakuu wa riadha wa dunia walimzuia, wakidai kuwa alipokea fedha kupita kiasi katika safari zake, na wakati ule mchezaji wa ridhaa hakuruhusiwa. Baadaye akawa mfanyabiashara, akauza nguo na kujenga nyumba. Alikuwa mtu wa maneno machache, hakupenda kusifiwa. Mwaka 1952 Olimpiki ilipofanyika Helsinki, aliingia uwanjani akiwa na umri wa miaka 55, ameshika mwenge, na wanariadha wa mataifa wakavunja safu zao ili wamwone. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1973, na taifa lake likamzika kwa heshima kuu.

Miezi michache tu baada ya kifo chake, mwaka 1974, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliwashinda watu na akavunja rekodi ya dunia kwa pamoja. Yeye hakungoja mtu.

Basi, ndugu wasomaji, nimejifunza nini? Zamani niliwaona wakimbiaji wa saa kuwa watu wasio na akili, na wanaovizia kuwa ndio werevu. Sasa naona kuwa saa na mtu ni wapinzani wawili mbalimbali, na kabla ya kuanza mbio yakupasa ujue ni yupi atakayekuhukumu. Nurmi aliweza kuitupa saa kwa sababu alikuwa ameitumikia miaka mitatu. Alijua ndani ya mwili wake ana nini. Mimi sikuwa na kitu cha kutupa. Werevu wangu ulikuwa woga wa kujua muda wangu.

Nilikwenda kwa yule kijana wa Kidato cha Pili nikamwomba radhi. Alicheka, akasema yamekwisha, lakini nilijua hayajaisha, kwa sababu safari ile tuliyoikosa haitarudi. Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi mimi husimama kwenye mstari na saa, nikimsomea muda wake kila mzunguko. Mimi mwaka huu namaliza shule. Yeye anayo nafasi mwaka ujao, na mwaka utakaofuata.

Siku ya michezo ya shule, ambayo wazazi wote mmealikwa, tutakutana tena katika mita 5,000. Siku hiyo hakuna timu ya kuchaguliwa, ni mtu kwa mtu. Nimekwisha mwambia asikae nyuma yangu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne