Hadhrat Ahmad a.s. na Adabu ya Chakula

Kila mwezi wa Ramadhani uandamapo, miji yetu ya pwani, tangu Moa mpaka Pangani na Mkwaja, hubadilika hali. Alasiri inapoelekea kwisha, vichochoro vya Ngamiani mjini Tanga hujaa harufu ya kaimati na vitumbua. Majumbani huandaliwa tambi za sukari, vibibi, mkate wa kumimina na ndizi mbivu zilizoungwa kwa nazi, na jirani humpelekea jirani yake sahani iliyofunikwa kawa. Desturi hii ni njema, kwani ndani yake mna ukarimu na udugu.

Lakini hapana budi tuseme kweli. Mtu aliyejizuia maji na chakula tangu alfajiri, kwa muda wa saa kumi na tatu au zaidi, mara nyingi hushindwa kujizuia kwa robo saa tu baada ya adhana ya magharibi. Hula akashiba, kisha huendelea kula kwa ajili ya utamu wala si kwa njaa, mpaka sala ya Tarawehe ikamwia nzito. Na katika nyumba nyingi, mwezi uliowekwa kwa ajili ya kuifundisha nafsi kutii ndio mwezi ambao gunia la sukari humalizika upesi kuliko miezi yote.

Wako wanaodhani kwamba dawa yake ni kuviona vitamu vyote kuwa adui. Wako na wengine wasemao kwamba kilicho halali hakina mpaka. Makundi yote mawili yatapata faida kwa kuyatazama maisha ya mwanzilishi wa Jumuiya yetu, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa na Mahdi. Wengi wetu twazijua hoja zake na vitabu vyake. Ni wachache waliopata kuangalia jinsi alivyokaa mbele ya sahani ya chakula.

Utoto wake

Hadhrat Ahmad a.s. alizaliwa tarehe 13 Februari, 1835, katika kijiji cha Qadian, nchi ya Punjab, Bara Hindi. Baba yake, Mirza Ghulam Murtaza, alikuwa mwenye mashamba na tabibu mashuhuri. Mama yake, Chiragh Bibi, alisifika kwa ukarimu wake kwa maskini. Mtoto huyu basi hakuzaliwa katika nyumba yenye njaa.

Katika nchi ile, kama ilivyokuwa kwetu kandokando ya mto Pangani, watu walilima miwa, wakaikamua na kuyachemsha maji yake mpaka yakaganda kuwa sukari guru. Wajuao tarikhi ya pwani yetu wanakumbuka kwamba katika karne ya 19 Pangani ilijulikana kwa sukari hiyo, iliyotoka katika mashamba yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Hata Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba lake la miwa. Basi sukari guru itakayotajwa katika habari hizi si kitu kigeni kwa msomaji wa Tanga.

Imepokewa kwamba siku moja, angali mdogo, Hadhrat Ahmad a.s. alimwomba mama yake kitoweo cha kulia mkate. Mama akampa sukari guru, naye akaikataa. Akatajiwa kitu kingine, akakataa pia. Mama alikuwa na shughuli, akaudhika, akamwambia kwa hasira aende akale mkate wake na majivu. Mtoto akaenda, akayatia majivu juu ya mkate na kukaa tayari kuula. Watu wa nyumbani walicheka sana. Walioisimulia habari hii waliona ndani yake unyofu wa mtoto aliyelichukua neno la mama yake kama lilivyo, na sisi twaweza kuona pia kwamba tangu utotoni ulimi wake haukuwa na masharti makubwa.

Habari ya pili alikuwa akiisimulia yeye mwenyewe. Watoto wenzake walimtuma aende nyumbani akalete kitu kitamu. Akaenda, na bila ya kumwuliza mtu, akajaza mifuko yake unga mweupe alioudhania kuwa sukari. Njiani akatia ukufi mzima kinywani. Pumzi ikamkwama na akaumia sana, kwani unga ule haukuwa sukari bali chumvi iliyosagwa! Mtu mkubwa kwa kawaida huyaficha makosa ya utotoni mwake. Yeye aliisimulia habari hii kwa watu wa nyumba yake bila ya haya, nao wakaihifadhi. Nani miongoni mwetu hakupata kuchomwa na kitu alichokitia kinywani kwa pupa kabla ya kukitazama?

Miezi ya saumu

Baada ya kusoma nyumbani kwa walimu waliowekwa na baba yake, Hadhrat Ahmad a.s. alifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini Sialkot tangu mwaka 1864 mpaka 1868, kisha akarudi Qadian. Baba yake alifariki mwaka 1876. Karibu na wakati huo, naye akiwa na umri wa miaka arobaini hivi, alimwona katika ndoto mzee mwenye heshima akimjulisha kwamba kufunga saumu kwa muda, kwa ajili ya kupokea nuru za mbinguni, ni desturi ya jamaa ya Mitume. Akaamua kuifuata.

Alitaka jambo hilo liwe siri baina yake na Mola wake. Chakula chake kilikuwa kikiletwa kutoka nyumba ya ndani mpaka baraza ya wanaume alikokaa. Basi aliagana na watoto mayatima kadhaa wawe wakija kwa wakati maalumu, naye akawagawia chakula kile. Nyumbani walidhani anakula, naye alikuwa amefunga. Alipoona kwamba kula mara moja tu wakati wa magharibi hakumpi taabu, alianza kupunguza hata chakula hicho kidogo kidogo, mpaka ikawa anakula tola chache tu za mkate katika usiku na mchana wake. Na tola moja haifikii gramu 12! Mwenyewe aliandika kwamba hata mtoto mchanga wa miezi miwili mitatu asingeweza kuvumilia kwa kiasi kile. Aliendelea hivyo kwa miezi minane au tisa, na Mwenyezi Mungu akamlinda na kumfunulia mambo mengi ya kiroho.

Hapa msomaji asimame kidogo, maana ndipo wengi wanapoweza kupotea. Asije kijana akaisoma habari hii na kesho akaanza kujinyima chakula ili awe walii. Hadhrat Ahmad a.s. mwenyewe alikataza jambo hilo waziwazi. Alieleza kwamba hampi kila mtu shauri la kufanya hivyo, na kwamba hata yeye hakulifanya kwa kujitakia bali kwa ishara ya ndoto. Alionya kwamba miongoni mwa watu wajitesao kwa njaa kwa amri ya nafsi zao wako walioharibikiwa na akili au walioshikwa na maradhi mabaya. Mwili ni amana, na mwenye kuuangamiza kwa njaa ameivunja amana hiyo sawa na mwenye kuuangamiza kwa shibe.

Tena tuangalie kwamba chakula alichokiacha hakikutupwa, bali kilikwenda katika matumbo ya mayatima. Kwetu sisi mara nyingi twajinyima mchana, kisha tukalipa deni lote usiku na faida juu yake. Maskini wa jirani asipate chochote katika njaa yetu.

Wali wa sukari guru

Mwaka 1884 Hadhrat Ahmad a.s. alimwoa Hadhrat Nusrat Jahan Begum r.a., binti wa Delhi. Bibi huyu alipofika Qadian akiwa mgeni, aliambiwa kwamba mumewe hupenda wali uliopikwa kwa sukari guru. Akajitahidi kumpikia kwa mapenzi, lakini hakukijua kipimo: mchele ulikuwa kidogo na sukari guru ikawa mara nne ya ile iliyohitajiwa. Chungu kilipoteremshwa jikoni, wali ulikuwa umegeuka uji mzito wa sukari. Akahuzunika sana, na saa ya kula imekwisha fika.

Hadhrat Ahmad a.s. alipoingia alimwona usoni jinsi alivyofadhaika. Akacheka kwa upole, akamliwaza, akala wali ule na kumjulisha kwamba umepikwa kama anavyoupenda. Yule yule aliyepata kuishi miezi mingi kwa tola chache za mkate, sasa alikula kitamu kilichozidi utamu kwa ajili ya kuutuliza moyo wa mkewe. Huu ndio utawala wa nafsi ulio kamili. Mwenye kuitawala nafsi yake si yule akunjaye uso anapoona halua. Ni yule awezaye kukiacha kitamu inapofaa kukiacha, na kukila kwa shukrani inapofaa kukila, bila ya kuwaudhi watu wa nyumba yake katika hali yoyote.

Mezani pamoja na wageni

Baada ya baiati ya kwanza iliyofanyika Ludhiana tarehe 23 Machi, 1889, wageni walizidi kumiminika Qadian, na jiko la wageni likawa moja ya kazi kubwa za Jumuiya. Waliokula pamoja naye wamesimulia kwamba aliumega mkate vipande vidogo vidogo, akala polepole na kidogo, hata baada ya kula vipande vingi vilionekana vimebaki mbele yake. Hakuwa na mazoea ya kukitia chakula kasoro. Lakini kwa ajili ya wageni alihangaika, akitaka kila mtu apate chakula alichokizoea kwao.

Jioni moja watu walikaa kwa chakula, na miongoni mwao alikuwamo maskini mmoja mwenye nguo chakavu, Mian Nizamuddin. Kila alipoingia mtu mwenye cheo, maskini yule alisogea nyuma kumpisha, mpaka akafika mahali pa viatu. Hadhrat Ahmad a.s. aliyaona hayo yote. Akachukua bakuli la mchuzi na mikate mkononi, akamwita Mian Nizamuddin, wakaingia wote wawili katika chumba kidogo kando ya msikiti na kula katika bakuli moja. Waliomsukuma nyuma waliona haya. Alilolitazama yeye lilikuwa ni nani aliyesahauliwa, si kitoweo gani kilichokuwa kizuri zaidi.

Mwezi wa Desemba, 1896, hotuba yake maarufu ilisomwa katika mkutano mkubwa wa dini mjini Lahore. Humo alieleza jinsi hali ya mwili inavyoathiri hali ya roho, na kwamba chakula kina nguvu juu ya tabia. Wenye kuacha nyama kabisa hupungukiwa na ushujaa. Wenye kula nyama siku zote hupungukiwa na upole. Wenye kufuata njia ya katikati hurithi tabia zote mbili. Hayo yanaafikiana na Kurani Tukufu, ambayo katika Sura Al-Aaraf imeruhusu kula na kunywa na papo hapo ikaweka mpaka wa kutofanya israfu. Mwaka huo huo wa 1896, baadhi ya wafuasi wake walifika Mombasa wakati wa kujengwa reli ya Uganda, na hivyo habari za Qadian zikaanza kufika katika pwani yetu.

Mafunzo kwetu

Katika sehemu ya mwisho ya maisha yake, Hadhrat Ahmad a.s. alikuwa na maradhi ya kisukari, na mwenyewe aliyataja katika vitabu vyake. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumtazama mgonjwa wa kisukari na kumhukumu kuwa ni mlafi. Maradhi hayo huja pia kwa kurithi na kwa umri. Walakini aliye mzima asijiweke hatarini kwa hiari yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na kwamba kupunguza mpaka nusu ya hapo ni bora zaidi. Vikombe viwili vya chai ya vijiko vitatu vitatu, pamoja na sahani ya kaimati zilizochovywa katika shira, hukifikia kiasi hicho upesi. Na yule ambaye tayari ni mgonjwa, akikatazwa na tabibu kufunga au kula vitamu, afuate. Kurani Tukufu imemrahisishia mgonjwa, na kuikubali rahisi ya Mungu nako ni utii.

Hadhrat Ahmad a.s. alifariki Lahore tarehe 26 Mei, 1908, akazikwa Qadian.

Wazee wetu wa barazani hapa Tanga walikuwa na adabu moja iliyo karibu sana na mwenendo huu. Mbele yao huwekwa sahani moja ya halua na birika la kahawa chungu. Kila mmoja humega kipande kidogo kwa ncha za vidole, hunywa vikombe viwili vitatu vya kahawa, na mazungumzo huendelea mpaka isha. Sahani hiyo moja huwatosha watu wanane, na hakuna aondokaye akiona kwamba amenyimwa. Basi na tuirudishe adabu hiyo katika futari zetu: tufuturu kwa tende na maji, tusali magharibi, ndipo turudi kwenye chakula, tule kitamu kidogo kwa shukrani, na sahani ya pili tuifunike kawa impate yatima wa mtaa wetu ingali moto.

Mwenyezi Mungu atujalie tuzitawale nafsi zetu katika shibe kama tunavyojaribu kuzitawala katika njaa. Amin.