Richard Hindorf

Richard Hindorf (Ruhrort, Ujerumani, 1863 – Berlin, 1954) alikuwa mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani. Anakumbukwa kwa kuingiza mkonge katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893. Miche aliyoiagiza kutoka Florida, Marekani, ilikuwa 1000. Iliyobaki hai baada ya safari ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalikua mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kabisa wa mkonge duniani.

Maisha

Hindorf alizaliwa Ruhrort, mji wa bandari kando ya mto Rhine ambao leo ni sehemu ya jiji la Duisburg. Alisomea kilimo hadi kupata shahada ya udaktari, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa mtumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki.

Kampuni hiyo ilikuwa katika hali ngumu. Mwaka 1888 wakazi wa pwani wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani waliasi dhidi ya utawala wake, na serikali ya Ujerumani ilibidi kutuma wanajeshi na kisha kuchukua koloni mikononi mwake. Kampuni ilibaki na mashamba, lakini haikuwa na zao la uhakika. Tumbaku ya Lewa na pamba ya Kikogwe hazikuleta faida iliyotarajiwa. Hindorf alishiriki kuanzisha kilimo cha kahawa huko Derema katika milima ya Usambara ya Mashariki, eneo lenye msitu mzito lililowadanganya Wazungu wengi: udongo wake haukuwa na rutuba kama miti mikubwa ilivyoonyesha, na kahawa ilidhoofika baada ya miaka michache.

Kwa ajili ya pwani, ambako mvua si ya kutegemewa, Hindorf alitafuta mmea unaovumilia ukame na kutoa nyuzi za kamba. Mkonge mwitu wa nchini ulijulikana na wenyeji tangu zamani, lakini haukufaa kwa shamba kubwa. Mwaka 1892 alisoma katika jarida la Bustani za Kew, London, maelezo kuhusu mmea wa Meksiko unaoitwa sisal, kwa jina la bandari ya Sisal katika rasi ya Yucatán.

Miche 62

Kupata miche kutoka Yucatán hakukuwezekana, kwa sababu Meksiko ililinda biashara yake ya nyuzi. Lakini mmea huohuo ulikuwa tayari Florida. Ulipelekwa huko katika miaka ya 1830 na Henry Perrine, daktari aliyekuwa konsuli wa Marekani nchini Meksiko. Ni Perrine pia aliyeupa jina la kisayansi Agave sisalana. Aliuawa mwaka 1840 katika shambulio la Waindio kwenye kisiwa cha Indian Key, lakini mimea yake iliendelea kuota yenyewe. Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka huko.

Nchini Tanzania husimuliwa sana kwamba miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa ili kukwepa walinzi wa Meksiko. Hadithi hii inapendeza, lakini miche ilinunuliwa Florida kwa njia ya kawaida, na hapakuwa na haja ya mamba.

Hatari ya kweli ilikuwa safari. Miche ilivuka Atlantiki hadi Hamburg, ikapakiwa upya na kupelekwa Tanga. Miche ya mkonge inaweza kukaa muda mrefu nje ya udongo kwa sababu majani yake manene yana ngozi yenye nta inayozuia maji yasipotee. Mmea mwingine usingefika kabisa. Hata hivyo ukavu na uozo viliua sehemu kubwa ya shehena, na iliyoishi kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62.

Kitalu cha Kikogwe

Miche ilipandwa Kikogwe, kusini mwa mto Pangani. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya subira. Mkonge hauzidishwi kwa mbegu. Kuna njia mbili: maotea yanayochipuka kwenye mizizi kuzunguka mmea mama, na miche midogo inayoota juu ya mlingoti. Mlingoti ni shina refu la maua linalotoka mara moja tu katika maisha ya mmea, na baada yake mmea hufa. Mlingoti mmoja unaweza kutoa miche 2000 au zaidi. Kwa hiyo katika miaka ya kwanza Kikogwe ilitegemea maotea machache, hadi mimea ya mwanzo ilipotoa milingoti na idadi ikaruka.

Miche midogo haipelekwi shambani moja kwa moja. Hukaa kitaluni mwaka mmoja au mwaka na nusu, ikipaliliwa, kwa sababu magugu huishinda kwa urahisi. Ikifikia urefu wa takriban sentimita 30 hadi 40 hung'olewa, mizizi na majani ya chini hukatwa, kisha hupandwa shambani kwa mistari. Inayopandwa kwa kina mno huingiwa na udongo kwenye kiini na kuoza. Kukata majani huanza baada ya miaka miwili au mitatu.

Kufikia mwaka 1898 Kikogwe ilikuwa na mimea 63,000 hivi. Mwaka 1900 nyuzi za kwanza zilisafirishwa kwenda Ulaya: tani saba na nusu. Mwaka 1913 koloni liliuza nje takriban tani 20,800, na mkonge ulikuwa kati ya mazao yake makuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 miche kutoka koloni la Wajerumani ilipandwa pia Kenya, karibu na Thika.

Kazi zake nyingine

Hindorf mwenyewe hakukaa kuyaangalia mashamba hayo yakikua. Alichunguza pia hali ya kilimo katika Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani (leo Namibia), akachapisha kitabu kuihusu mwaka 1894. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya kilimo cha mkonge katika Afrika ya Mashariki. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeshanyang'anywa koloni lake baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mashamba ya Wajerumani yalikuwa yameuzwa kwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi na Waswisi kama mali ya adui.

Alifariki Berlin mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 90.

Urithi

Uzalishaji wa Tanganyika ulifikia kilele miaka kumi baada ya kifo chake: mwaka 1964 ulikuwa takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zilishusha bei, mwaka 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi kufuatia Azimio la Arusha, na uzalishaji ukaporomoka kwa miongo iliyofuata.

Mara nyingi masimulizi ya miche 62 huishia kwa Hindorf, kana kwamba mashamba yalijipanda yenyewe. Kazi ya kung'oa, kupanda, kupalilia, kukata majani yenye miiba na kulisha mashine za korona ilifanywa na Waafrika. Wanyamwezi na Wasukuma walikuja tangu enzi ya Wajerumani. Baadaye walifuata Waha, Wabena, Wangoni, Warundi na wengine. Waliandikishwa kwa mkataba na kupewa namba, ndiyo maana waliitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuwakusanya, iliyojulikana kama SILABU. Wengi hawakurudi makwao, na wajukuu wao wanaishi hadi leo Tanga, Muheza, Korogwe na Morogoro.

Mkonge ulifika pia mbali na mashamba makubwa. Katika Jimbo la Ziwa, ambalo wakati wa Waingereza lilijumuisha Mwanza, Shinyanga na Musoma, wakulima wadogo waliupanda kama ua kwenye mipaka ya mashamba na kuzunguka mazizi ya ng'ombe. Walichukua maotea kwa jirani na kuyahamishia kwao, na bei ilipopanda waliuza nyuzi za ua huo.

Kwa kuwa mkonge huzidishwa kwa maotea na miche ya mlingoti, mimea iliyotokana na ile 62 inafanana karibu kabisa kiurithi. Ugonjwa unaoupata mmoja unaweza kuwapata wote, na kuuboresha kwa kuchanganya mbegu ni vigumu. Kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Tanga, kilichoanzishwa katika miaka ya 1930, kililazimika kutumia ndugu zake, Agave amaniensis na Agave angustifolia. Matokeo yake ni chotara namba 11648, ambaye hutoa majani mengi zaidi kabla ya mlingoti. Chotara huyo hupandwa Tanzania, na nchini China ndiye aina kuu.